Nikiita wanane mkekani, sabini waliobaki wafanye nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Singida. Nina wanafunzi 78 kwenye chumba kimoja, madawati 26, kila dawati watoto watatu. Kwenye mafunzo kazini tuliambiwa tusifundishe Kuhesabu kwa darasa zima muda wote. Tuite vikundi vidogo kulingana na mahitaji ya watoto, na wengine wafanye kazi peke yao. Nimejaribu mara tatu. Nikikaa tu mkekani na kikundi cha watoto wanane, dakika ya pili nasikia "mwalimu nimemaliza", "mwalimu huyu kanichukulia penseli", na dakika ya tano mwalimu wa chumba cha pili anachungulia dirishani. Kipindi chenyewe ni dakika 30. Je, jambo hili linawezekana kwa darasa kama langu, au ni la shule zenye watoto ishirini? Na kama linawezekana, nianze na kundi lipi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Linawezekana. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi kabla sijahamia chuoni, na darasa dogo kuliko yote niliyowahi kupewa lilikuwa na watoto 61. Nikuambie kwanza pale ninapodhani umekwama, maana nami nilikwama papo hapo.

Ulianza na kikundi. Uliona kazi ngumu iko mkekani kwa wale wanane, ukawaandalia zana vizuri, na wale sabini ukawaandikia maswali kumi ubaoni ili wasikusumbue. Kumbe ugumu wote uko kwa hao sabini. Kuwafundisha watoto wanane kwa dakika saba, mwalimu yeyote aliyepita chuoni anaweza. Kumfanya mtoto wa miaka saba akae na hesabu robo saa bila jicho lako, hilo ni somo kamili, na hufundishwa kama kujumlisha kunavyofundishwa: kidogo kidogo, kwa siku nyingi, na kwa kurudia hadi wewe mwenyewe uchoke.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huenda ukakuudhi: wiki tatu zijazo usiite kikundi chochote.

Tumia siku hizo kutafuta zana, na usitoe hela mfukoni mwako. Nenda kwa muuza chipsi mayai, mwombe trei tupu. Trei moja ina vishimo 30, mistari sita ya vishimo vitano vitano. Ikate kwa mkasi kila baada ya mistari miwili. Unapata vipande vitatu, kila kimoja kina vishimo kumi, vitano juu na vitano chini. Dawati lako lina watoto watatu. Basi trei moja ni ya dawati moja, na darasa zima linataka trei 26. Zianike juani siku nzima, na zile zilizopasukiwa na yai zitupe, usijaribu kuziosha. Kisha vizibo vya soda, kumi kwa kila mtoto, jumla 780. Usivikusanye wewe. Waambie kila mmoja alete kumi, asizidishe wala asipunguze, na hapo umeshawapa hesabu ya nyumbani bila karatasi. Kila dawati liwe na kopo lenye namba yake. Vizibo 30 vinakaa ndani ya kopo, vipande vya trei vinapachikana kimoja juu ya kingine pembeni yake.

Utaniuliza kwa nini trei, wakati vidole wanavyo. Mtoto akiweka vizibo saba kwenye vishimo kumi, anaona saba, na papo hapo anaona vitatu vilivyopungua. Anaona pia kwamba saba ni tano na mbili, kwa sababu mstari wa juu umejaa. Hahitaji kuhesabu moja, mbili, tatu. Mtoto anayefika darasa la tatu akiwa bado anahesabu moja moja kwa vidole huwa hana tatizo la akili. Hakuna aliyempa nafasi ya kuiona kumi ikiwa imekaa mahali pamoja na kutulia.

Siku ya kwanza fundisha kopo. Ndiyo, kopo. Kulifungua, kumwaga vizibo bila kuvirusha, kila mmoja kujaza vishimo vyake kumi, kuvirudisha, kufunga. Chagueni wimbo mmoja mfupi wanaoujua, uwe wa kukusanyia tu. Wimbo ukiisha, kopo limefungwa na mikono iko juu ya dawati. Fanyeni hivyo mara nne au tano, basi. Siku ya pili wape mchezo nitakaoueleza hapa chini, wacheze dakika tatu. Wewe simama mbele, kimya, usizunguke, usimsaidie yeyote. Hapa ndipo walimu wengi tunaposhindwa, maana mwalimu akimwona mtoto anahangaika mguu unatoka wenyewe. Ukienda kwa mmoja, umewafundisha wote 78 kwamba ukihangaika mwalimu anakuja. Dakika tatu zikiisha anzisha wimbo, hata kama wanafanya vizuri. Hasa kama wanafanya vizuri. Wabaki na hamu. Kesho dakika nne, keshokutwa tano. Wakivurugika dakika ya pili, anzisha wimbo bila kufoka, kusanyeni, endelea na somo la kawaida, na kesho yake anza tena na dakika mbili. Darasa langu moja lilichukua wiki tano kufika dakika kumi na tano. Lilikuwa na watoto wengi waliohamia katikati ya mwaka, na kila aliyeingia aliturudisha nyuma siku mbili.

Sasa mchezo wenyewe. Mimi nauita "Wamejificha wangapi". Watoto wawili wanacheza, wa tatu ni mwamuzi. Wa kwanza ana vizibo kumi. Mwenzake anafumba macho, yeye anafunika baadhi kwa kopo, vilivyobaki anaviacha wazi. Mwenzake anafumbua, anaviona vinne, anasema, "Wamejificha sita." Mwamuzi anainua kopo, anavipanga kwenye vishimo, anatoa hukumu. Kisha wanabadilishana zamu.

Mwamuzi ndiye siri ya dawati la watatu. Kwenye kila dawati kuna mtoto ambaye ugomvi hautokei bila yeye. Mpe uamuzi uone. Atasimamia sheria kuliko hata kiranja, na ili atoe hukumu inambidi ahesabu yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayekaa bure. Jambo la pili, mchezo huu hauna mwisho. Maswali kumi ubaoni yana mwisho, na kwa mtoto mwepesi mwisho huo ni dakika ya tatu. Ndiyo maana uliandamwa na "mwalimu nimemaliza". Kosa halikuwa la mtoto. Alimaliza kweli! Mpe kazi isiyomalizika na sentensi hiyo hutaisikia tena.

Ukishazoeleka mchezo wa kumi, watoto wawili wanaunganisha vipande vyao na kucheza na ishirini. Baadaye ongeza kadi za tarakimu 0 hadi 9 zilizokatwa kwenye maboksi: kila mmoja anaokota mbili, anaunda namba kubwa awezavyo, mwamuzi anasema nani kashinda na kwa nini. (Mwandiko wa kadi uwe mkubwa na wa rangi moja, zisifanane na karata. Mzazi mmoja aliwahi kuja shuleni akiwa amekasirika kwamba nawafundisha wanawe kamari, na maelezo yalinichukua asubuhi nzima.) Kwa wale wepesi kabisa andika kwenye kona ya ubao: "Jibu ni 24. Swali ni lipi?" Wajaze ukurasa wa daftari. Utashangaa. Mmoja ataandika 20 + 4, 21 + 3, aendelee hivyo hadi achoke. Mwingine atagundua 30 − 6, akifika hapo hashikiki. Mdako, wa kurusha jiwe na kuchota mengine kishimoni, ni hesabu tupu ya mafungu, lakini nilijaribu kuuingiza darasani nikajuta. Mawe juu ya sakafu ya saruji, watoto sabini! Uache uwanjani.

Kuna sharti moja ambalo usilivunje hata siku moja: kazi ya dawatini iwe ya jambo wanalolijua tayari. Jipya linafundishwa na wewe, kwa darasa zima au mkekani. Ukifundisha kutoa kwa kukopa leo asubuhi, usiwaachie kutoa kwa kukopa wakati umekaa na kikundi. Wape cha wiki iliyopita, hata cha mwezi uliopita. Mtoto anayefanya asichokijua bila mwalimu ana njia tatu tu: aje kwako, anakili kwa jirani, au amchokoze mtu. Mazoezi ya cha zamani hayapotezi muda. Kujumlisha hadi ishirini kunatakiwa kumtoke mtoto kama anavyotaja jina lake, na hilo halipatikani kwa siku mbili zilizopangwa kwenye azimio la kazi, ule mpango wako wa kufundishia.

Kuhusu kukuingilia ukiwa mkekani, mimi nilikuwa na kanga moja ya zamani. Nikiiweka begani, sheria ilikuwa kwamba sikuitwa ila kwa damu, kutapika au nyoka. Walicheka siku ya kwanza, tukaigiza: huyu penseli yake imevunjika, je, ni damu? Si damu. Basi afanyeje? Kuna kopo la penseli zilizochongwa pale dirishani, anabadilisha, anarudi. Huyu hajui zamu ni ya nani, je, ni nyoka? Si nyoka, aulize dawati la nyuma. Kwa kwenda chooni kuna vibao viwili vilivyotundikwa mlangoni mwa darasa. Ukikuta kibao unakichukua unakwenda, usipokikuta unasubiri. Igizeni kila tatizo kabla halijatokea. Na wewe kanga ikiwa begani ukijibu swali la penseli hata mara moja tu, kanga hiyo inarudi kuwa kanga ya kawaida.

Wiki ya nne ndipo unapoita. Dakika zako 30 zigawe hivi: nane za mwanzo darasa zima, fundisha au rudia jambo moja kwa kifupi, kumi na tano za kazi ya madawati, na ndani yake unaita vikundi viwili, kila kimoja dakika saba, zinazobaki ni wimbo wa kukusanya na kumalizia pamoja. Kumalizia kwenyewe kusiwe kuandika. Taja namba, nane, wakuonyeshe kwa vidole ngapi zimebaki kufika kumi. Jicho likipita mara moja juu ya mikono hiyo 78 umeshajua nani wa kumtazama kesho. Siku ukipata vipindi viwili vilivyofuatana, usinyooshe kazi ya madawati kuwa nusu saa. Katikati watoe nje wakimbie hadi kwenye mti na kurudi, kisha wape mzunguko wa pili.

Na usiwahamishe. Utasikia habari za vituo vinne, kengele ikilia kila kundi linahamia kituo kingine. Kwa watoto ishirini ni vizuri. Kwa 78 kwenye chumba kimoja, kila kuhama kunakula dakika tatu na kuzaa ugomvi wa nani alikanyaga daftari la nani. Madawati yabaki pale pale. Wanaotembea ni wale wanane tu, kuja mkekani na kurudi. Dawati litakalobaki na watoto wawili linacheza bila mwamuzi, hakuna neno.

Hesabu ya wiki inakubali. Vikundi viwili kwa siku, watoto wanane kila kimoja, siku nne: nafasi 64 kwa wiki. Siku ya tano iache kwa kazi ya darasa zima na kwa yale ambayo hayakwisha. Chukua watoto 16 wanaohitaji zaidi, waone mara mbili kila wiki. Hizo ni nafasi 32. Wanabaki watoto 62 kwa nafasi 32, yaani kila mmoja unakaa naye takriban mara moja kila wiki mbili. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini jiulize, mwaka jana ni watoto wangapi uliokaa nao wanane kwa wanane, ukawasikia wakifikiri kwa sauti, hata mara moja kwa muhula?

Kuwajua hao 16 hakuhitaji mtihani. Andika maswali manne ubaoni, wafanye kwenye daftari: vitu 23 vilivyochorwa ovyo ovyo, wavihesabu, "thelathini na nane", waandike kwa tarakimu baada ya wewe kuitamka, 8 + 5, na 52 − 38. Daftari zitajigawa zenyewe. Waliokosa la kwanza au la pili waite mmoja mmoja kwa dakika mbili, kwa mdomo, kama walivyokuwa wakifanya watu wa mpango wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba kupima watoto. Usiishie kwenye jibu; muulize amelipataje. Mtoto aliyeandika 26 kwenye 52 − 38 hakubahatisha. Ameondoa tatu kwenye tano, akaona mbili haiwezi kutolewa nane, akageuza, akatoa mbili kwenye nane. Kila mara anachukua dogo kutoka kubwa. Mwalimu akiweka kosa tu kwa kalamu nyekundu na kupita, mtoto huyo ataendelea na sheria yake hiyo hadi darasa la nne, kwa uaminifu kabisa.

Nikuonyeshe dakika saba za mkekani zinavyokwenda, kwa kosa ninalolipenda kuliko yote. Mtoto mmoja wa kike aliandika thelathini na nane hivi: 308. Kwenye kikundi chake walikuwa watano wenye kosa hilo hilo. Wengi wetu tunasema hawajaelewa mamoja na makumi, tunarudia maelezo ubaoni. Lakini msikilize mtoto: ulisema thelathini, akaandika 30. Ukasema na nane, akaandika 8. Ameandika alichosikia, tena kwa mpangilio.

Lugha yetu inatusaidia sehemu moja na kutuangusha nyingine. Kumi na moja, kumi na mbili, hapo jina lenyewe linamwambia mtoto kuna kumi na kuna mbili. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Lakini tukivuka kumi na tisa tunaingia kwenye majina yaliyotoka Kiarabu. Sitini, sabini na tisini yana sita, saba na tisa ndani yake, kwa sababu sita, saba na tisa nazo ni za asili hiyo hiyo. Ishirini haina mbili ndani yake. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, hamsini haina tano, themanini haina nane. Kwa mtoto wa miaka saba, thelathini ni jina tu kama Juma. Hakuna kinachomwambia ni makumi matatu.

Basi mkekani siku hiyo tulikuwa na mabua ya mtama yaliyokatwa sawasawa, yamefungwa kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na mengine yaliyolegea. Nikasema, "Nipeni makumi matatu." Wakanipa mafungu matatu. "Jina lake la pili nani?" Kimya. Tukahesabu: kumi, ishirini, thelathini. "Ahaa, thelathini!" Nikaomba na manane, wakaongeza mabua manane. Hapo nikatoa kadi. Kadi ya 30 nimeikata kwa upana wa tarakimu mbili, kadi ya 8 upana wa moja. Nikaziweka sambamba, 30 na 8, ikasomeka kama alivyoandika. Kisha nikaichukua 8 nikailaza juu ya sifuri. Yule mtoto akainama, akainua ukingo wa kadi kwa kidole, akachungulia. "Mwalimu, sifuri imejificha." Nikamuuliza imekwenda? "Haijaenda, ipo chini ya nane." Akafunika, akafunua, akafunika tena. Wengine wakataka nao wafunue. Dakika saba zikawa zimekwisha, na sikuwa nimesema neno "thamani" hata mara moja. Nilimpa kadi hizo akakae nazo dawatini siku mbili.

Wale wa 26 wanahitaji mafungu hayo hayo. Weka mafungu matano na mabua mawili, mwambie achukue manane. Atayatazama yale mawili, atakutazama wewe. Usiseme kitu. Ama atafungua fungu mwenyewe, ama mwenzake atamwambia "fungua moja". Ukisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto, somo la kukopa umeshalimaliza. Kilichobaki ni kuliandika.

Zingatia kwamba nimewaita kwa kosa, si kwa uwezo. Usiwape majina ya Simba, Chui na Sungura ukadhani umewaficha. Siku ya pili tu wanajua Sungura ni nani, na nimesikia kwa masikio yangu mtoto akimwambia mwenzake "wewe si ni wa kundi la vilaza". Kikundi cha 308 kiishi wiki moja, hata siku mbili, kisha kivunjwe. Mwenye shida ya kuandika namba anaweza kuwa hodari wa kujumlisha kichwani, na akiitwa leo na hawa, kesho kutwa na wale, hakuna jina litakalomng'ang'ania.

Najua kuna hoja upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza jaribio katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambako darasa la kwanza lililojaa liligawanywa mara mbili kwa kuajiri mwalimu wa ziada. Karibu nusu ya shule zikagawanya watoto kwa alama zao, nyingine kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa alama zilikuwa mbele, na walionufaika ni walioanza juu na walioanza chini pia. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Ila pale kila nusu ilikuwa na mwalimu wake, anayeanzia pale walipo watoto. Wewe uko peke yako, na ukiwakalisha Sungura wote dirishani mwaka mzima, watapata dirisha tu, mwalimu hawatampata. Chukua kilicho cha maana kwako: anzia alipo mtoto. Kugawanya vyumba ni kazi ya serikali.

Kuhusu mwalimu jirani na dirisha lake, nenda kwa mwalimu mkuu kabla hujaanza, si baada ya kuitwa. Mpeleke trei moja na vizibo, mcheze "Wamejificha wangapi" hapo mezani kwake. Nimefanya hivyo, na mkuu wangu wa wakati huo alishindwa mara mbili mfululizo. Mwombe aje wiki ya nne aone. Hayo yaandike kwenye andalio la somo, muda wa kikundi, kosa unaloshughulikia, kazi ya madawati, ili mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akikukuta umekaa mkekani na watoto wanane ajue umekaa kwa mpango. Na kelele zitakuwepo. Watoto 78 wakicheza hesabu hawawezi kunyamaza, wala sitaki wanyamaze. Utajifunza kuitofautisha: kelele ya kazi inapanda na kushuka, ina "sita!" na "hapana, saba!" ndani yake, kelele ya vurugu inapanda tu. Ikianza kupanda bila kushuka, wimbo. Siku ya mvua kwenye bati hamtasikilizana kabisa. Siku hiyo usiite kikundi, acha wacheze kwa kuonyeshana vidole.

Kusahihisha kusikutoe roho. Mchezo hausahihishwi. Daftari sahihisha za safu moja kwa siku, kwa makini, na ukiona kosa linalofanana kwa watoto watatu au zaidi, umeshapata kikundi cha kesho. Baada ya likizo rudisha mafunzo ya kopo kwa siku tatu kabla ya kuita mtu yeyote. Watakuwa wamesahau, hata wale unaoapa hawawezi kusahau.

Uliuliza uanze na kundi lipi. Usianze na wale 16. Wito wa kwanza kabisa chukua wanane waliochanganyika, mwepesi, wa kati na anayehangaika, wape jambo ambalo wote wanalijua, kama kufunga mabua kumi kumi. Siku hiyo hufundishi hesabu. Unawafundisha kuinuka, kuja, kukaa na kurudi, na unawafundisha wale sabini kwamba mkekani anaitwa mtu yeyote. Fanya hivyo wiki nzima, hadi kila dawati liwe limetoa angalau mtoto mmoja. Kisha Jumatatu inayofuata, kanga begani, waite wa 308.